Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Kuna sifa za namna mbili duniani. Ya kwanza humwinua asifiwaye na kuwafaa waisikiao. Ya pili humwinua asifiwaye kwa mkono mmoja na kumshusha kwa mkono mwingine, na waisikiao huenda zao wamepotoshwa. Sifa ya namna ya pili yaweza kuwa mbaya kuliko tusi. Tusi hujulikana mara litamkwapo, na aliyetukanwa hupata nafasi ya kujitetea. Bali sifa mbaya hupokewa kwa shukrani, ikarithishwa watoto na wajukuu kana kwamba ni mali. Katika insha hii nataka kupingana na sifa moja ya namna hiyo. Ilitolewa mwaka 1786 kwa Robert Burns, mshairi wa Uskoti, naye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 27. Imerudiwa tangu siku hiyo hata leo, na wengi wairudiao hudhani kuwa wanamheshimu.

Burns alizaliwa tarehe 25 Januari 1759 katika kijiji cha Alloway, upande wa kusini-magharibi wa Uskoti, ndani ya nyumba ya udongo ambayo baba yake aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Alifariki dunia tarehe 21 Julai 1796 katika mji wa Dumfries, akiwa na umri wa miaka 37 tu. Wimbo wake juu ya urafiki wa zamani, uitwao Auld Lang Syne, huimbwa usiku wa kuamkia mwaka mpya katika nchi nyingi, na wengi wauimbao hawajui maana ya maneno yake wala jina la mtu aliyeyatengeneza. Mwaka 1956 serikali ya Umoja wa Kisovieti ilitoa stempu yenye sura yake. Mwaka 1999, bunge jipya la Uskoti lilipofunguliwa mbele ya malkia, wimbo wake juu ya usawa wa binadamu uliimbwa katika ukumbi. Mwaka 2009 watazamaji wa televisheni ya Uskoti walipiga kura ya kumtafuta Mskoti aliye mkuu kupita wote, nao wakamchagua Burns, wakamwacha nyuma hata William Wallace, shujaa aliyepigania uhuru wa nchi yao.

Mtu wa cheo hiki hana upungufu wa kusifiwa. Alilokosa ni mtu wa kumtetea mbele ya wanaomsifu.

Sifa ninayoisema ilitoka kwa Henry Mackenzie, mwandishi wa riwaya aliyeheshimiwa sana katika Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Tarehe 9 Desemba 1786 aliandika katika gazeti la The Lounger makala juu ya kitabu cha kwanza cha Burns. Makala hayo yalikuwa ya ukarimu, nayo yalimfungulia mshairi milango ya wakubwa. Walakini ndani yake Mackenzie alimwita Burns mshika plau aliyefundishwa na mbingu. Neno hilo liliwapendeza mno watu wa mjini. Walitamani kumwona mkulima mwenye matope viatuni, ambaye hakusoma wala hakufunzwa, akifumbua kinywa na mashairi yakamtoka kama maji ya chemchemi. Jina likamganda Burns kama kupe, na hata leo bado lamganda.

Msomaji ataniuliza: kuna ubaya gani mtu kuambiwa kuwa amefundishwa na mbingu? Je, si heshima kubwa? Nami najibu kwamba ubaya wake nimeuona kwa macho yangu darasani. Mara nyingi nimempa kijana karatasi na kumwomba atunge beti tatu, naye akaniambia, “Mwalimu, mimi sikuzaliwa mshairi.” Amelitoa wapi neno hilo? Amelitoa katika hadithi kama hii ya mshika plau na mbingu. Kijana aaminiye kuwa kipawa huanguka kama mvua hungoja, na asipolowa huweka kalamu chini. Na yule adhaniye kuwa amekwisha kunyeshewa huona kujifunza ni kazi ya wasiojaliwa. Uongo mmoja huwaharibu wote wawili, mnyonge kwa kumkatisha tamaa na hodari kwa kumvimbisha kichwa.

Wazee wetu wa pwani walitazama majahazi yakipita baharini, wakasema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi na tutazame jahazi hili lilivyoundwa.

Baba yake Burns, William Burnes, alikuwa mtunza bustani, kisha akawa mkulima wa shamba la kukodi. Hakuwa na fedha, lakini alikuwa na nia. Mwaka 1765, Robert alipokuwa mtoto wa miaka 6, baba huyu na jirani zake wanne walichanga fedha wakamwajiri kijana wa miaka 18, John Murdoch, awasomeshe watoto wao. Mwalimu huyo alikula na kulala kwa zamu katika nyumba za waliomwajiri. Aliwafundisha watoto kusoma, kuandika na sarufi. Zaidi ya hayo, aliwazoeza kuligeuza shairi kuwa maneno ya kawaida, na kuliondoa neno moja na kutia lingine lenye maana sawa na hilo. Mwanafunzi wa Kenya aliyepata kuambiwa katika mtihani aandike ubeti kwa lugha tutumbi ataitambua kazi hiyo mara moja. Hivyo ndivyo mbingu ilivyomfundisha Burns: kwa zoezi lile lile ambalo wewe hulinung'unikia.

Mwaka 1766 jamaa hii ilihamia shamba la Mount Oliphant, lenye ekari 70 za ardhi duni na kodi nzito. Murdoch alipoondoka, baba alishika kazi ya ualimu mwenyewe. Baada ya kutwa ya jembe aliwafundisha wanawe hesabu usiku kwa mwanga wa mshumaa, na akawaazimia vitabu vya jiografia, vya nyota na vya viumbe. Ilipohitajika kuutengeneza mwandiko wao, Robert na mdogo wake Gilbert walipelekwa shule ya Dalrymple kwa kupokezana, wiki huyu na wiki yule, kwa sababu shamba halikuweza kuwakosa wote wawili kwa pamoja, wala mfuko wa baba haukutosha ada ya wawili. Mwaka 1773 Robert alikwenda mji wa Ayr kusoma tena kwa Murdoch. Alikaa wiki moja akaitwa nyumbani kuvuna. Mavuno yalipokwisha alirudi akasoma wiki mbili nyingine, na katika muda huo mfupi akaanza kujifunza Kifaransa. Alipokuwa na miaka 15 ndiye aliyekuwa mfanyakazi mkuu wa shamba lile. Mwaka 1775 alipelekwa Kirkoswald kujifunza upimaji wa ardhi. Mwaka 1780, yeye na vijana wenziwe waliunda chama cha mjadala katika kijiji cha Tarbolton, ili kunoa fikira na ulimi.

Burns mwenyewe ameeleza katika barua yake ndefu ya mwaka 1787 kwamba alikuwa na kitabu cha nyimbo ambacho hakikutengana naye. Alikisoma akiendesha gari la farasi na akitembea kwenda kazini, wimbo kwa wimbo na mstari kwa mstari, akitenga maneno yenye hisia ya kweli na maneno ya kujitia. Msomaji, lishike neno hilo. Huyo si mtu aliyekaa akingoja ufunuo. Huyo ni mwanafunzi ambaye shule yake ilikuwa barabara, na kengele yake ilikuwa jua. Wengi wetu tuna dawati, taa na mwalimu wa kila siku, na bado twasema hatukujaliwa.

Hata umbo la mashairi yake lina ukoo. Ubeti alioupenda sana una mishororo sita, minne mirefu na miwili mifupi, na vina vyake vyote ni viwili tu. Leo wengi huuita ubeti wa Burns. Lakini washairi wa Uskoti walikuwa wakiutumia tangu karne ya 17, na Burns aliupokea kwa Allan Ramsay na Robert Fergusson waliomtangulia. Ajuaye mizani na vina ajua kwamba mambo haya hayaokotwi njiani. Hupokewa, hupimwa, hukosewa, yakarudiwa.

Hapa ndipo ninapoliona kosa kubwa zaidi la jina lile. Likisema kuwa mwalimu ni mbingu, huwanyima ujira wao walimu waliokuwa duniani. Yuko wapi John Murdoch katika sifa hiyo? Yuko wapi baba mwenye mshumaa? Yuko wapi mama, Agnes, aliyewaimbia watoto nyimbo za kale? Yuko wapi Betty Davidson, mwanamke mzee aliyekuwa akiishi na jamaa ile na kuwasimulia hadithi za mashetani, wachawi na mizuka, hadithi ambazo Burns mwenyewe alikiri kuwa zilipanda mbegu za ushairi ndani yake? Wote wamefutwa kwa neno moja tamu. Mabwana wa Edinburgh waliona ni rahisi zaidi kuamini muujiza kuliko kuamini kwamba katika nyumba ya udongo mna elimu.

Burns hakuwafanyia walimu wake hivyo. Robert Fergusson alifariki mwaka 1774, kijana wa miaka 24, ndani ya nyumba ya wenye wazimu, akazikwa Edinburgh pasipo jiwe la kaburi. Burns alipofika mji huo na kusifiwa na wakubwa, hakusahau. Mwaka 1787 aliwaandikia wasimamizi wa makaburi ya Canongate akiomba ruhusa ya kuliweka jiwe kwa gharama yake mwenyewe, naye alilipia jiwe hilo. Mtu aliyefundishwa na mbingu hana kaburi la kulijengea. Burns alilijua kaburi la mwalimu wake lilipo.

Sasa yuko atakayeninyoshea kidole na kusema: “Ewe mwalimu, mbona Burns mwenyewe alijiita mtu asiye na elimu?” Ni kweli, wala sitaificha. Katika dibaji ya kitabu chake cha kwanza alijionyesha kuwa mtu wa shamba asiyezijua kanuni za ustadi. Lakini tutazame dibaji hiyo ilikuwa ya nini. Kitabu kilipigwa chapa na John Wilson katika mji wa Kilmarnock tarehe 31 Julai 1786, nakala 612, bei shilingi tatu, na fedha zilitoka kwa watu walioahidi kununua. Mwuza madafu huyasifu madafu yake kwa namna wanunuzi wapendavyo kusikia. Na katika dibaji hiyo hiyo aliwataja kwa majina Ramsay na Fergusson kuwa ndio waliomwashia moto. Ukurasa mmoja wasema hakufunzwa na pia wawataja waliomfunza. Msomaji mwenye busara ataamini majina kuliko unyenyekevu. Nakala hizo zilikwisha kwa muda wa mwezi hivi.

Jina lile la mbingu lilikuwa na ndugu yake. Waliomwona Burns kuwa hana elimu ndio waliomwona pia kuwa hana lugha.

Yafaa nieleze kidogo. Lugha aliyozaliwa nayo Burns ni Kiskoti, lugha ya nyanda za chini za Uskoti. Siyo Kigaeli, ambacho ni lugha ya milimani na visiwani na ya asili nyingine kabisa. Kiskoti na Kiingereza ni watoto wa mama mmoja waliokua katika nyumba mbili. Kiskoti kilikuwa lugha ya wafalme na ya washairi wakubwa. Lakini baada ya mwaka 1707, bunge la Uskoti lilipounganishwa na la Uingereza, wenye kutaka vyeo walianza kukionea haya. David Hume, mwanafalsafa mashuhuri, alitoa mwaka 1752 orodha ya maneno ya Kiskoti ili wenziwe wajue ya kuepuka. Mwaka 1761 alifika Edinburgh mtu kutoka Ireland, Thomas Sheridan, akawatolea waungwana wa mji masomo juu ya kusema Kiingereza kwa matamshi ya kupendeza, nao wakajaa ukumbini. Wasomi waliokuwa fahari ya Ulaya walikaa kama watoto, wakafunzwa kuusahau ulimi wa mama zao.

Katika hali hiyo Burns alitoa kitabu, na katika jina la kitabu hicho akaandika wazi kuwa mashairi yake mengi yamo katika lugha ya Uskoti. Dokta John Moore, rafiki aliyemtakia mema, alimshauri mwaka 1787 aiache lugha hiyo atunge kwa Kiingereza, ili apate wasomaji wengi. Ushauri ule haukuwa wa adui, na kwa hiyo ulikuwa wa hatari zaidi. Je, Burns alibaki na Kiskoti kwa sababu hakujua kingine? Hata kidogo. Barua zake ni za Kiingereza safi. Baadhi ya mashairi yake ni ya Kiingereza kitupu, na mengine huchanganya lugha zote mbili kwa kipimo. Alikuwa na funguo mbili mkononi, akachagua ule uliofungua mlango. Tena hakuwafungia wageni nje: mwishoni mwa kitabu aliweka orodha ya maneno ya Kiskoti na maana zake. Alimtaka msomaji wa mbali asogee, ajifunze.

Hukumu ya wakati imekwisha kutolewa. Mashairi yake ya Kiingereza kitupu, ambayo wakubwa wa Edinburgh waliyaona kuwa ndiyo ya adabu, leo yasomwa na wachache. Shairi lake la mwaka 1785 juu ya panya ambaye kiota chake kilivunjwa na plau, lililojaa maneno ya shambani, limevuka bahari. Mwandishi wa Marekani John Steinbeck alichukua humo jina la kitabu chake cha mwaka 1937, Of Mice and Men. Ushauri wa Dokta Moore ungefuatwa, tungempata mtunzi mwingine wa Kiingereza cha wastani, na panya yule angekufa pamoja na mtunzi wake.

Pamoja na haya, tazameni unafiki uliofuata. Kwa vizazi vingi watoto wa Uskoti walikariri mashairi ya Burns shuleni kila Januari, wakapigiwa makofi. Na mwezi wa Februari mtoto aliyeyatumia maneno yale yale kumjibu mwalimu alikemewa, pengine akachapwa, kwa kusema vibaya. Walimpa mshairi sanamu, wakamnyima mtoto ulimi. Msomaji wa Kenya asicheke sana. Katika shule zetu nyingi mtoto aliyesema lugha ya nyumbani alivishwa kidude shingoni ili aaibike, naye Ngũgĩ wa Thiong'o ameyasimulia hayo katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Mcheka kovu hajaona jeraha. Sisi jeraha tumeliona.

Lakini lugha haikufa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 watu wapatao milioni 1.5 wa Uskoti walisema kuwa wanajua kusema Kiskoti, na mwaka 2025 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuvipa Kigaeli na Kiskoti hadhi ya lugha rasmi. Ilichukua zaidi ya miaka 200 kukubali alichokijua mshika plau mmoja. Wala nisieleweke vibaya. Simwambii kijana yeyote akatae Kiingereza, Burns hakukikataa. Namwambia asiamini kuwa lugha moja ni ya akili na nyingine ni ya jikoni.

Tena kuna kazi ya Burns ambayo jina la mbingu huificha kabisa. Tangu mwaka 1787 hata kufa kwake alikuwa akikusanya nyimbo za watu. Mpiga chapa James Johnson alitoa mkusanyo wa vitabu sita vyenye nyimbo 600, na zipatazo 200 kati ya hizo zilitoka mkononi mwa Burns: nyingine alizitunga, nyingine alizisikia kwa wazee akazitengeneza pale zilipovunjika. Kazi hii hakukubali kulipwa, ingawa alikuwa mtu maskini. Tangu mwaka 1789 aliishi kwa kazi ya kutoza ushuru wa serikali, akisafiri mwendo mrefu juu ya farasi kila wiki. Na ule wimbo wa mwaka mpya uimbwao duniani kote alisema kwamba aliuandika kutoka kinywani mwa mzee mmoja aliyekuwa akiimba. Hata penye kilele cha sifa yake aliweka jina la mwingine mbele, ijapokuwa jina hilo hatulijui.

Limebaki jambo moja zito, nami ningekuwa mwoga nikilipita. Mwaka 1786, kabla kitabu chake hakijatoka, Burns alikuwa amekubali kwenda Jamaika kufanya kazi ya ukarani katika shamba kubwa. Mashamba yale yalilimwa na Waafrika waliotiwa utumwani, na makarani wa kule walishiriki kuwasimamia. Alikuwa katika shida ya fedha na fedheha ya nyumbani, na safari yake iliahirishwa zaidi ya mara moja. Mafanikio ya kitabu, na barua ya mshairi kipofu Thomas Blacklock iliyomtia moyo kupiga chapa nyingine, yalimbakiza Uskoti. Basi mtu ambaye baadaye aliandika juu ya usawa wa binadamu alikaribia kula mshahara wa utumwa. Wampendao hupenda kulinyamazia jambo hili, na jina la mbingu huwasaidia, maana aliyefundishwa na mbingu hawezi kukosa. Lakini aliyefundishwa na watu aweza kukosa kama watu, na aweza pia kujifunza kama watu. Mwaka 1846 Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Marekani akatoroka, alifika Ayr kwa heshima ya Burns na kuonana na dada wa mshairi. Mwana wa utumwa alijua kuchukua katika mashairi yale kilicho chake. Nasi tuchukue, bila kufumba macho.

Na hizo karamu? Mwaka 1801 marafiki tisa walikutana katika nyumba ya Alloway kumkumbuka. Mwaka 1859, miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, mikutano zaidi ya 800 ilifanyika katika nchi mbalimbali. Hadi leo, usiku wa tarehe 25 Januari, watu hukaa mezani wakaletewa chakula cha moyo, maini na mapafu ya kondoo yaliyopikwa na nafaka ndani ya tumbo la kondoo, chakula ambacho Mkenya alaye mutura hatakishangaa. Mashairi husomwa, glasi huinuliwa. Sina ugomvi na chakula wala na furaha. Ugomvi wangu ni na mtu alaye usiku huo, akamsifu mkulima aliyefundishwa na mbingu, kisha kesho yake akakataa kuamini kuwa mtoto wa mkulima wa kijiji chake aweza kuwa na akili kama yake.

Vijana, mkisikia mtu akisifiwa kuwa amezaliwa na kipawa, ulizeni maswali mawili. Ulizeni kwanza ni nani waliomfundisha, na mdai majina yao. Kisha ulizeni alisoma nini, lini, na kwa mwanga gani. Mkipata majibu, mtaona kazi iliyo mbele yenu, na mtaona pia kuwa yawezekana. Nanyi msianzie mbali. Nyumbani yupo bibi ajuaye wimbo ambao haujaandikwa popote. Likizo hii mketi naye, mwombe auimbe polepole, mwuandike kwa lugha yake ile ile, na chini ya karatasi mwandike jina lake.